Azam Media

Azam Media ni kampuni ya utangazaji ya Tanzania iliyo chini ya kundi la makampuni ya Bakhresa. Makao yake makuu yapo Tabata, jijini Dar es Salaam. Inajulikana hasa kwa king'amuzi cha Azam TV na kwa kuonyesha mechi za Ligi Kuu Tanzania Bara.

Historia

Azam TV ilianza mwaka 2013. Studio za Tabata zilizinduliwa na Rais John Magufuli mwaka 2017. Mwaka 2021 kampuni ilitia saini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6.

Matangazo kutoka viwanjani

Gari la matangazo hupelekwa uwanjani. Picha za kamera zote huingia humo, na mwongozaji huchagua ipi ionekane. Kisha matangazo hupitia setilaiti hadi kwenye madishi ya watazamaji. Tangu timu ya Mashujaa ya Kigoma ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, mkoa huo nao una mechi za ligi hiyo.

Utazamaji Kasulu na Kibondo

Setilaiti hufikisha picha hata mbali na minara ya televisheni, lakini dishi bila umeme halifai kitu. Wilaya hizi zilitegemea majenereta ya dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Wasio na king'amuzi hutazama kwenye vibanda umiza kwa kiingilio. Umeme ukikatika, mechi huishia hapo kwao, ingawa uwanjani inaendelea.