Mikoko ya Gazi: Vile miti ya matope inaletea wasee wa Kwale doh bila kukatwa

Ukitaja pwani ya kusini, wasee wengi huwaza Diani tu: mchanga mweupe, ngamia ufuoni na picha za kupost. Hakuna noma. Lakini shika barabara ya kwenda Lunga Lunga na kabla ufike Msambweni utapata Gazi, kijiji kinacholipwa kwa kuacha miti yake isimame.

Mradi unaitwa Mikoko Pamoja. Ulianza mwaka 2013, na unatambulika kama wa kwanza duniani wa jamii kuuza hati za kaboni kutokana na mikoko.

Hiyo kaboni inauzwa aje?

Mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuiweka kwenye mbao, mizizi na, zaidi ya yote, kwenye tope. Tope hilo halina oksijeni ya kutosha, kwa hivyo majani na mizizi iliyokufa huoza polepole sana. Kaboni inaweza kulala humo karne nzima na zaidi. Kata msitu, na hewa inaanza kurudi juu.

Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117. Kazi yao inahesabiwa kuwa karibu tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka, chini ya viwango vya Plan Vivo. Kampuni na watu wa mbali hununua hati hizo kufidia moshi wao.

Doh inaenda wapi?

Wanakijiji huketi na kuamua wenyewe. Pesa zimeleta maji safi, vitabu na ukarabati wa shule. Mwaka 2017 mradi ulishinda tuzo ya Equator Prize ya UNDP. Pembeni, kina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kutembezwa.

Samaki je?

Hapa ndipo faida inafika mezani. Watoto wa samaki wengi na kamba hujificha kwenye mizizi ya mikoko na nyasi za bahari, na wengine wakikua huhamia kwenye matumbawe. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi mdogo hawezi kuvuka mwamba. Riziki yake inatoka humu ndani. Huo mwamba nao huvunja mawimbi kabla yafike ufuoni, na mikoko hushika udongo usibebwe na maji. Ukiharibu kimoja, vingine vinaumia.

Mbona basi watu walikata?

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Sehemu zingine zilibaki wazi, miti haikurudi yenyewe. Watafiti wa KMFRI na wanakijiji walianza kupanda upya mwaka 1991.

Ukweli ni kwamba nyumba bado zinataka boriti, na jiko bado linataka kuni. Kumwambia mtu asikate bila kumpa njia nyingine ni kumnyima chakula. Ndiyo maana mradi unapanda mivinje pia, ili mbao zitoke nchi kavu.

Na sasa?

Huko Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu viliingia kwenye biashara hiyo mwaka 2019 na hekta zaidi ya 400. Ndio kwanza mkoko unaalika maua.

Lakini hesabu ya Gazi ni rahisi. Boriti ukiuza, umekula leo. Mti ukiacha, unalipia maji, unafuga samaki na mwaka ujao bado uko hapo. Shida ni nani anavumilia hadi mwaka ujao, na hiyo ndiyo kazi ambayo pesa za kaboni zinafaa kufanya.