Plutoni katika Tope la Thule

Tarehe 21 Januari 1968 ndege ya kivita ya Marekani, B-52, ilikuwa ikizunguka juu ya kaskazini-magharibi ya Greenland ikiwa na mabomu 4 ya haidrojeni. Kilichoiangusha ni kitu kidogo mno: mito ya sponji iliyosogezwa karibu na tundu la hewa moto ilishika moto. Kati ya watu 7 waliokuwamo, 6 waliruka wakapona, mmoja akafariki. Ndege ikajibwaga kwenye barafu ya bahari huko Bylot Sound, kama kilomita 12 kutoka kituo cha kijeshi cha Marekani cha Thule. Baruti za kawaida za mabomu zililipuka. Mlipuko wa nyuklia haukutokea, ila plutoni ya mabomu, metali yenye mionzi, ilitawanyika.

Usafishaji ulianza wakati wa giza, msimu ambao jua halichomozi huko. Wamarekani na Wadenmark, wakisaidiwa na Wainughuit wenyeji na mbwa wao wa kukokota sleji, walikwangua theluji na barafu, wakavijaza kwenye matangi vikapelekwa South Carolina. Lakini barafu ilikuwa imepasuka siku ya ajali, na kiangazi iliyobaki ikayeyuka. Sehemu ya plutoni ilikuwa imekwisha kuzama.

Hapo msomaji wa Kigoma anaweza kudhani mambo yameisha, kwa kuwa ziwani kwake kinachozama hufunikwa. Udongo unaosombwa na mvua kutoka vilima vya Kasulu na Kibondo huingia Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Vilindini mwa ziwa hakuna oksijeni, hivyo hakuna mnyoo wala kombe wa kufukua. Tabaka hulalia tabaka, na wanasayansi huchimbua mashapo hayo wakasoma miaka yake. Bylot Sound si hivyo. Maji yake ni baridi lakini yana hewa, na chini kuna minyoo na kombe wanaolifukua tope mwaka hadi mwaka. Kilichoanguka juu hushushwa, cha chini hupandishwa.

Asker Aarkrog na wenzake wa taasisi ya Risø, Denmark, walirudi mara kwa mara kuchota tope. Vipimo viliendelea hadi 2003. Waligundua kwamba plutoni haikuenea sawasawa, bali ilijikusanya katika punje ndogo kali, rahisi kuzikosa kwenye sampuli. Kwa hiyo makadirio ya awali, ya takriban nusu kilo, yalipandishwa hadi karibu kilo moja. Katika maji na samaki mionzi ilikuwa midogo. Ilibaki zaidi katika tope, na kwa kiasi katika kombe, chakula cha walrasi.

Wainughuit, wawindaji wa walrasi hao, walikuwa wamekwisha kuhamishwa mwaka 1953 kuelekea Qaanaaq ili kituo kipanuliwe. Kuhusu siasa, Denmark, yenye mamlaka juu ya Greenland, ilitangaza mwaka 1957 kwamba haitaki silaha za nyuklia ardhini mwake. Mwaka 1995 ikajulikana kuwa Waziri Mkuu H. C. Hansen, mwaka uleule wa 1957, aliwaandikia Wamarekani barua isiyowakataza kuziweka Greenland. Mwaka huohuo wa 1995, wafanyakazi wapatao 1,700 waliokuwa Thule walilipwa fidia ya kroner 50,000 kila mmoja.