Soma kwa ngwe za dakika 25

Mkulima wa mpunga wa Mlabani, Ifakara, hapalilii shamba lote kwa mkupuo. Hujipimia ngwe, akaimaliza, akapumzika. Lakini mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne haoni mwisho wa ngwe yake. Simu ikilia tu, daftari linafungwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi Mwitaliano, Francesco Cirillo, alijipimia masomo kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Njia yake ikaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano.

Fanya hivi: chagua somo moja, zima data, tega kengele ya simu ilie baada ya dakika 25. Ukikumbuka jambo jingine, liandike pembeni, uendelee. Kengele ikilia, pumzika dakika 5. Baada ya vipindi vinne, pumzika dakika 15 hadi 30.