Chai, Viungo na Mkate wa Mayai: Ushahidi wa Maneno ya Jikoni

Siku hizi huokwa majumbani mwetu keki ambayo maziwa yake yamechemshwa kwanza pamoja na majani ya chai, iliki, dalasini, tangawizi na karafuu, yakachujwa, yakaachwa yapoe, ndipo yakatiwa katika unga, mayai na sukari. Wenye kuipika huiita keki ya chai ya viungo. Pengine msomaji atasema kwamba jambo hili ni dogo mno kwa watu wanaochunguza lugha. Mimi naona kinyume chake. Historia ya vyakula vya pwani imeandikwa kidogo, kwa sababu waliopika aghalabu hawakuandika, na walioandika hawakuingia jikoni. Pale ambapo hati hazipo, maneno yenyewe hubaki kuwa mashahidi. Lakini shahidi hana budi kuulizwa swali analoweza kulijibu. Dai langu ni kwamba jina la kitu cha jikoni hutaja mara nyingi mkono wa mwisho uliotuletea kitu kile, wala si shamba lake la kwanza, wala si kazi aliyoifanya mpishi baada ya kukipokea. Wenye kuihesabu keki hii kuwa ya Kizungu kwa sababu ya jina lake, na wenye kuihesabu kuwa ya mababu kwa sababu ya viungo vyake, wote wamesoma maneno kwa haraka.

Tuanze na chai. Wachina wana matamshi mawili makubwa ya jina la mmea huu: watu wa Canton na wa kaskazini husema cha, na watu wa Amoy, katika jimbo la Fujian, husema te. Wadachi waliinunua kwa watu wa Fujian, wakalieneza te katika Ulaya ya magharibi. Wareno waliokaa Macau walichukua cha. Waajemi na Wahindi wengi husema chai. Waarabu, kwa kuwa lugha yao ya maandishi haina sauti ch, husema shai. Kiswahili kinazo sauti zote mbili, wala hakina haja ya kuigeuza sh ya Kiarabu. Twasema sharti, shukrani na shahidi bila taabu. Lau neno hili lingalitufikia kwa kinywa cha Mwarabu, yamkini leo tungalisema shai. Lau lingaliachwa na Wareno, isingalikuwapo i mwishoni. Inabakia njia ya Waajemi na Wahindi, na hata hapo pana haja ya hadhari, maana Wagujarati, ambao ni wengi miongoni mwa wafanya biashara wa pwani yetu, wenyewe husema cha.

Neno hili halikuingia zamani sana. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 na kuandika kwa urefu habari za chakula alichopewa. Alikaribishwa kwa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya waridi ya Damasko, kisha akaletewa wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Tangawizi ipo mezani, maziwa yapo, samli ipo, chai haipo. Baadaye kinywaji cha kumkirimu mgeni kilikuwa kahawa, ambayo jina lake ni la Kiarabu bila shaka yoyote, na ambayo mpaka leo haijaondoka katika baraza za Unguja na Mombasa. Chai ilikuja nyuma yake.

Hata huko India, ambako wengi wetu hudhani kwamba chai ya maziwa na viungo imenywewa tangu kale, mambo sivyo yalivyo. Waingereza walianza mashamba ya Assam katika miaka ya 1830, na chai yake ilikusudiwa kuuzwa nje. Mwaka 1903 ilitungwa sheria ya kutoza ushuru mdogo juu ya chai iliyosafirishwa, ili fedha zake zitumike katika kuitangaza chai, na katika miaka iliyofuata Wahindi wenyewe walihimizwa kuinywa. Viungo vya kuchemshwa kwa ajili ya dawa na kinywaji ni vya kale sana kwao. Jani ndilo lililokuwa geni. Mwaka huo huo wa 1903 chai ilipandwa Limuru, katika Kenya ya leo, na Wajerumani waliijaribu Amani, milimani Usambara, mwanzoni mwa karne ile ile. Mashamba makubwa ya Kericho yalifuata katika miaka ya 1920, na mwaka 1964 likaundwa shirika la kuwasaidia wakulima wadogo wa Kenya kuilima. Basi kikombe cha chai ya maziwa na iliki tunachokiona kuwa urithi wa mababu, kwa upana wake wa leo, ni kitu cha karne ya 20.

Jambo moja hapa lapendeza kutajwa, ingawa latutoa njiani kidogo. Chai isiyo na maziwa, ambayo wengine huiita chai ya rangi au chai kavu, katika pwani ya kaskazini huitwa chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa mikokoni ambao gome lake hutoa rangi nyekundu na hutumika katika kutengeneza ngozi. Aliyelitunga jina hili alitazama ndani ya bilauri akaona maji ya gome. Nalo jani la chai lina ukali ule ule ulio katika gome la mkandaa, kwa hiyo ulinganifu wake ni wa macho na wa ulimi pia. Hapa wenyeji hawakupokea jina. Walilitoa pwani kwao.

Tukija kwenye viungo twaona jinsi majina yanavyoweza kumpoteza mtafiti. Kungumanga asili yake ni visiwa vya Banda, mashariki ya mbali, ilhali Manga ni nchi ya Waarabu. Pilipili manga yatoka Malabar, nayo pia imepewa Manga. Majina hayo mawili hayatuambii mmea ulimeaje. Yatuambia nani aliuteremsha pwani kwetu. Tena katika neno pilipili lenyewe kuna mabaki ya njia nyingine, kwa kuwa Waarabu, wasio na p, husema filfil, na Kiswahili kimehifadhi p ya Kihindi na Kiajemi. Katika jina moja, pilipili manga, wamekutana Mhindi na Mwarabu. Dalasini nayo yatokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa China, lakini dalasini bora kuliko zote tangu zamani ni ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mswahili alilipokea neno, akaliongezea m na kupata mdalasini, mti, kwa kanuni ile ile inayotupa mwembe na embe. Karafuu ni qaranful ya Waarabu; mmea wake, uliotoka Maluku, ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea hata kimbunga cha mwaka 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo yenye shamba kubwa. Shamba likawa letu, jina likabaki lilivyokuja.

Iliki yataka uangalifu zaidi. Kwa Kiarabu huitwa hayl au hal, na kwa Kihindi elaichi. K iliyomo katika neno letu hailingani vema na ch ya Kihindi cha kaskazini. Lakini katika Malabar, ambako mmea wenyewe huota milimani, neno ni elakka. Naelekea kuamini kwamba jina letu ni la huko, na kwamba wale wasemao hiliki wameongezewa h na jirani yake wa Kiarabu. Ikiwa ni hivyo, iliki ni kinyume cha dalasini: jina lake limetoka karibu kabisa na shamba lake.

Sasa unga na tanuri. Mkate, unga, yai, maziwa, moto na kuoka ni maneno ya Kibantu. Sukari, samli, hamira na tanuri ni ya Kiarabu. Keki ni ya Kiingereza. Mtu akitazama orodha hii atadhani kwamba keki ilianza siku ilipopata jina. Lakini tusisahau upana wa neno mkate. Twasema mkate wa tumbako na mkate wa nyuki, wala hapana unga katika viwili hivyo. Mkate ni donge lililoshikamana likapata umbo. Ndani ya upana huo umeingia mkate wa mofa, mkate wa kumimina na mkate wa mayai. Huu wa mwisho ni mayai yaliyopigwa pamoja na sukari mpaka yakaumuka, yakatiwa unga na iliki, yakaokwa. Hauna hamira, hauna baking pauda, ambayo ilibuniwa Uingereza na Alfred Bird mwaka 1843. Huinuliwa na hewa iliyomo katika mayai. Mzungu akiuona ataita keki, naye hatakuwa amekosea.

Wako watakaotaka kuunasibisha mkate wa mayai na Wareno, kwa kuwa mkate wa namna hiyo hiyo waliupeleka Nagasaki katika karne ya 16, na Wajapani wanauoka hata leo kwa jina la kasutera, jina lenye asili ya Kireno. Dhana hii yavutia. Wareno walikuwapo pwani yetu, wakajenga ngome ya Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakatolewa humo mwaka 1698, wakatuachia meza, leso na mvinyo. Lakini huko Nagasaki neno lilibaki pamoja na kitu, na kwetu halikubaki neno lolote la keki yao. Bila ya neno wala hati, sioni haki ya kuwapa Wareno kitu hiki.

Keki, neno, ilipita mlango mwingine. Waliolitumia kwanza kila siku ni wapishi wa nyumba za Wazungu, ambao wengi wao walikuwa wanaume, na baadaye wanafunzi wa kike waliofundishwa mapishi shuleni. Unguja shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927. Mkate wa mayai ulibaki nyumbani mikononi mwa wanawake. Hivyo majina mawili ya vitu vinavyokaribiana sana yalipita pande mbili za ukuta mmoja, na lile lililopita upande wa mshahara na cheti ndilo lililopata heshima ya dukani. Neno keki halikuja kujaza pengo.

Keki ya chai ya viungo imezipokea pande zote mbili. Siagi yake na baking pauda yake ni za upande wa keki, iliki yake ni ya mkate wa mayai. Chai hupikwa ndani ya maziwa, wala si ndani ya maji, kwa sababu mafuta ya maziwa hushika harufu ya viungo na maziwa hupunguza ukali wa jani; jani likichemka mno, ukali huo hurudi na sukari haiuondoi. Maziwa sharti yapoe kabisa, yasije yakayaivisha mayai kabla ya wakati wake. Penye tanuri, huokwa tanurini. Pasipo na tanuri huokwa kama mkate wa mayai ulivyookwa siku zote: sufuria nzito iliyopakwa samli, makaa machache chini, kifuniko cha bati, na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko, maana unga wa chini umegusana na chuma na huungua upesi, ilhali wa juu hupata joto kwa mbali. Harufu ya iliki ikianza kutoka ukingoni, mpishi huondoa makaa ya juu kwa koleo, hufunua, na kuchoma kijiti katikati. Kikitoka na unga, hufunika tena na kuyarudisha makaa.