Usukani na Dira: Mikono na Macho ya Chombo

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio kwa darasa la Nakwa, Babati

Leo somo letu ni la historia, nalo lahusu bahari.

Huenda mtu wa Nakwa akauliza, "Sisi na bahari wapi na wapi? Sisi tuna Ziwa Babati, lenye viboko na mitumbwi ya wavuvi. Pwani ni mbali." Swali hilo ni zuri. Lakini bahari imekwisha kufika Babati zamani, imekuja ndani ya maneno. Dereva wa lori apitaye hapa kutoka Arusha kwenda Dodoma hushika usukani. Hilo ni neno la mabaharia. Serikali ikitangaza mipango ya miaka mingi ijayo, mipango hiyo huitwa dira. Hilo nalo ni neno la mabaharia. Hata neno mwalimu, ambalo mwanitia mimi, zamani katika vyombo vya Waarabu lilikuwa jina la mtu aliyejua njia ya baharini kwa kutazama nyota.

Basi leo tutaeleza habari za vitu viwili, usukani na dira. Usukani ni kazi ya mikono. Dira ni kazi ya macho. Tutaona jinsi watu walivyohangaika kwa mamia ya miaka ili mikono na macho vikae mahali pamoja.

KUTOKA KAFI HADI GURUDUMU

Tazameni mtumbwi ziwani. Mtu akaaye nyuma ndiye anayeuongoza. Akilaza kafi lake upande mmoja, mtumbwi hugeuka. Vyombo vikubwa vya zamani viliongozwa vivyo hivyo, kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni, karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Baadaye mafundi walitundika ubao mpana nyuma kabisa, katikati ya tezi. Ubao huo ndio usukani. Mchoraji al-Wasiti alichora chombo chenye usukani wa namna hiyo mwaka 1237, na picha yake ingaliko mjini Paris hata leo.

Ubao huo uligeuzwa kwa namna mbalimbali. Wengine walitumia kana, yaani mti unaoshikwa kwa mkono. Wengine walitumia kamba mbili, moja kulia na moja kushoto. Gurudumu la usukani lilikuja baadaye sana, mwanzoni mwa karne ya 18, katika merikebu za Ulaya. Majahazi makubwa ya Uarabuni yakalipata baada ya hapo.

Sasa sikilizeni kwa makini. Katika karne ya 10 msafiri mmoja wa Yerusalemu, jina lake al-Muqaddasi, alieleza jinsi vyombo vilivyopita katika Bahari ya Shamu, penye miamba mingi. Nahodha alikaa juu mlingotini akitazama maji. Akiona mwamba, alipiga kelele, "Kulia!" au "Kushoto!" Vijana wawili waliirudia sauti yake. Mtu wa usukani, mwenye kamba mbili mikononi, akavuta moja.

Mwaona shida ilipo? Macho yalikuwa juu mlingotini, na mikono ilikuwa chini tezini. Katikati palikuwa na sauti tu. Upepo ukivuma kwa nguvu, sauti hupotea. Usiku ukiingia, hata macho hayana kazi. Hapo chombo chaweza kupanda mwamba na watu wakafa.

DIRA YAKAA MBELE YA MTU WA USUKANI

Dawa ya shida ya usiku ilikuwa sindano ndogo. Wachina waligundua kwamba sindano iliyosuguliwa kwa sumaku huelekea kaskazini na kusini. Mtaalamu wao Shen Kuo aliandika habari hiyo mwaka 1088, na mwaka 1119 maandiko mengine ya Kichina yalisema kwamba mabaharia waliitumia mbingu zilipofunikwa na mawingu. Maarifa hayo yalienea, yakafika Bahari ya Hindi.

Msidhani kwamba Wazungu ndio walioileta dira pwani yetu. Mwezi wa Machi 1498 merikebu za Vasco da Gama, Mreno, zilifika Kisiwa cha Msumbiji. Mmoja wa watu wake aliandika aliyoyaona. Alisema vyombo vya huko havikuwa na misumari, mbao zake zilishonwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya mikeka. Tena alisema mabaharia wake walikuwa na sindano za dira, vipimo vya kupimia nyota, na ramani za bahari. Haya aliyaandika mgeni mwenyewe.

Dira ilipowekwa ndani ya kikasha mbele ya mtu wa usukani, pamoja na taa ndogo ya usiku, mambo yalibadilika. Nahodha humwambia, "Shika njia hii," naye huitazama dira na kuishika njia mwenyewe. Mikono na macho vikakutana.

CHUMA NI ADUI WA DIRA

Lakini tatizo jipya likazuka. Mwaka 1538 Mreno mwingine, João de Castro, alikuwa safarini kwenda India. Tarehe 5 Agosti, palepale Msumbiji, aliona sindano ya dira yake haisemi kweli. Alipochunguza akatambua sababu: mzinga wa chuma ulikuwa karibu, nao uliivuta sindano.

Vyombo vya kushonwa vya pwani yetu, kama mitepe, havikuwa na shida kubwa hiyo, kwa kuwa havikuwa na misumari. Lakini msiseme kwamba vilishonwa kwa ajili ya dira. La, vilishonwa kabla dira haijajulikana. Kitabu cha Kiyunani kilichoandikwa yapata miaka 2000 iliyopita tayari kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii.

Katika karne ya 19 merikebu zilianza kuundwa kwa chuma kitupu, na shida ikawa kubwa zaidi. Wataalamu walifanya kazi nyingi kuitatua. Mmoja wao, William Thomson wa Uingereza, mwaka 1876 alipata hakimiliki ya kikasha cha dira chenye sumaku ndogo ndani na tufe mbili za chuma kandoni. Vitu hivyo viliwekwa kwa vipimo ili kuondoa kosa lililoletwa na chuma cha merikebu.

Na siku hizi je? Jahazi la kisasa lenye gurudumu huwa na nguzo fupi inayolishika gurudumu, na dira hukaa juu ya nguzo hiyo. Mbele yake hufungwa bomba lililopindwa mfano wa mlango. Bomba hilo lina kazi mbili. Kwanza ni kinga. Wimbi likimrusha mtu, atashika bomba, wala hataangukia dira wala gurudumu. Pili, juu ya bomba hilo hufungwa vifaa vingine, kama vile kipimo cha kina cha maji, kipimo cha upepo, na kifaa kinachopokea ishara za satelaiti na kuonyesha mahali chombo kilipo. Hivyo mtu wa usukani huviona vyote bila kuachia gurudumu.

Lakini fundi mwangalifu hukumbuka somo la mwaka 1538. Huchagua bomba la madini yasiyoivuta sindano, na hulijaribu kwanza karibu na dira. Nyaya mbili za umeme husokotwa pamoja, maana umeme upitao katika waya nao huisukuma sindano. Akimaliza kufunga vifaa, huipima dira upya kabla chombo hakijatoka bandarini. Asipofanya hivyo, ameongeza macho manne na kulipofua lile la kwanza.

KIFAA NA MTU AKIJUAYE

Sasa tuulize: kifaa kizuri kikiwekwa mahali pazuri, yatosha? Historia yatujibu.

Vasco da Gama alikuwa na dira. Hata hivyo mwezi wa Aprili 1498, kabla ya mapambazuko, merikebu yake moja, São Rafael, ilipanda fungu karibu na Mtangata, kusini ya Tanga. Dira huonyesha kaskazini, haionyeshi mafungu. Maji yalipojaa, merikebu iliondoka salama.

Kisha alifika Malindi. Mfalme wa Malindi akampa mjuzi wa njia. Waliondoka tarehe 24 Aprili, wakati kusi linapoanza, na baada ya siku 23 bila kuona nchi kavu, waliiona milima ya India. Vitabu vingi vilisema mjuzi huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Julfar aliyeandika kitabu maarufu cha ubaharia. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Mreno João de Barros aliandika kwamba alikuwa mtu wa Gujarati, akaitwa Malemo Cana. Hilo neno malemo ni lile lile neno letu mwalimu.

Wakati wa kurudi hawakuwa na mwalimu huyo, wala hawakungoja kaskazi. Waliondoka India Oktoba 1498. Upepo mara ulikufa, mara uliwapinga. Njia ile ile iliwachukua karibu miezi mitatu. Watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, na kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Mwezi wa Januari 1499, kwenye mafungu yale yale ya Mtangata, waliichoma moto São Rafael kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu watu wa kuendesha merikebu tatu hawakuwapo tena.

Merikebu zilikuwa zile zile, dira ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni mtu ajuaye majira ya upepo, na subira ya kuyangoja. Ndiyo maana wazee wa pwani huyajua kwanza kaskazi na kusi, ndipo huuliza habari za dira.

Basi wanafunzi, tukumbuke mambo matatu. Kifaa kiwekwe mahali ambapo mwenye kazi anakiona. Kikingwe na kila kitu kinachokifanya kiseme uongo. Tena kisomwe na mtu aliyejifunza. Ninyi mnaojifunza kusoma mwafanya kazi hiyo ya tatu.

JARIBIO LA DARASANI

Chukueni sindano ya kushonea. Isugueni kwa sumaku mara thelathini, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Sumaku yaweza kupatikana katika spika ya redio mbovu. Wekeni sindano juu ya kipande kidogo cha jani kavu, ielee katika bakuli la maji lisilo la bati. Ikitulia, tazameni inakoelekea. Kisha sogezeni panga karibu, mwone. Mwisho sogezeni redio hii mnayoisikiliza.

MASWALI

1. Kwa nini sauti ya nahodha haikutosha kumwongoza mtu wa usukani?
2. João de Castro aligundua nini mwaka 1538, na wapi?
3. Bomba la kinga katika jahazi la kisasa lina kazi gani mbili?
4. Kwa nini safari ya kurudi ya Vasco da Gama ilichukua muda mrefu kuliko ya kwenda?
5. Zungumzeni: ni kifaa gani katika kazi yenu, shambani, dukani au ziwani, ambacho hudanganya kikiwekwa vibaya?

Kwaherini, na mjaribu vizuri.