Trekta la Bustani la Marekani na Ufundi Uliolidumisha

Trekta la bustani ni trekta dogo la kuendeshwa na mtu aliyeketi, lenye injini ya kati ya nguvu farasi 7 na 20 hivi. Lilibuniwa kwa ajili ya mwenye eka mbili tatu, yaani eneo linalomshinda mtu wa jembe la mkono lakini lisilostahili kununuliwa trekta la shamba. Tofauti yake na mashine ya kawaida ya kukatia majani iko chini ya boneti na chini ya kiti: fremu ni ya chuma kizito, gia boksi inahimili kuvuta plau na haro, na uzito wake hufika kilo 200 na kuzidi. Majira ya kuchipua hulima bustani, kiangazi hukata majani, na baridi ikiingia hufungwa bamba mbele na kusukuma theluji. Nchi yake ni Marekani, hasa majimbo ya Wisconsin, Indiana na Kentucky, na enzi yake kuu ilidumu kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vingi vilivyoyaunda vimefungwa au kuuzwa, lakini matrekta yenyewe bado yanafanya kazi. Yamefika leo kwa sababu yaliundwa yafunguliwe, na kwa sababu hawakukosekana watu wa kuyafungua.

Chanzo chake ni mashine ambazo mtu alitembea nyuma yake. Katika miaka ya 1910 kampuni ya Beeman ya mjini Minneapolis iliuza mashine yenye injini ndogo, ambayo mkulima aliishika kwa mikono miwili kama plau la ng'ombe. Huko Dunbar, West Virginia, mpiga picha aitwaye Benjamin Franklin Gravely alifunga sehemu za pikipiki ya Indian kwenye plau la kusukuma, akapata hataza mwaka 1916, na mwaka 1922 kampuni yake ikaanza kazi. Sifa kubwa ya Gravely ilikuwa kupeleka nguvu kwa gia tupu zilizozama kwenye oili, bila mkanda wa kukatika wala mnyororo wa kulegea. Jamii hiyo ya mashine si ngeni Afrika Mashariki: pawatila zinazolima majaruba ya mpunga ya Mbarali na Kilombero ni ndugu zake, ingawa zenyewe zilifika kwa njia ya Asia.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mahitaji yalibadilika. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi iliwarahisishia mikopo ya nyumba, na mitaa mipya ikachipuka nje ya miji. Waliosogea mbali zaidi walipata viwanja vikubwa vyenye majani, miti ya matunda na bustani ya mboga. Kampuni ya Sears iliwauzia kwa katalogi matrekta ya kutembea nyuma yake ya chapa ya David Bradley kuanzia mwaka 1946. Mwaka huohuo, mjini South Bend, Indiana, Cecil Pond na baba yake Elmer walianza kuunda matrekta madogo. Kwa kuwa ndugu wa Elmer alikuwa tayari akilitumia jina la Pond katika biashara ya aina hiyo, wao wakaita yao Wheel Horse. Mji mdogo wa Port Washington, Wisconsin, ulikuwa na viwanda viwili vya namna hii kwa pamoja, Bolens na Simplicity. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950, mteja hakutaka tena kutembea nyuma ya mashine, alitaka kuketi.

Kampuni kubwa za zana za kilimo ziliona soko hilo na kuingia. Mwaka 1961 International Harvester ilitoa Cub Cadet kutoka kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, kwa injini ya Kohler ya nguvu farasi 7. Gia boksi yake ilitokana na ile ya Farmall Cub, trekta la shamba ambalo kampuni hiyo ilikuwa ikiliunda tangu mwaka 1947. Ndiyo maana sehemu ya nyuma ya Cub Cadet ni nzito kupita mahitaji ya mkata majani. John Deere ilifuata mwaka 1963 kwa modeli 110, iliyoundwa Horicon, Wisconsin. Allis-Chalmers iliuza matrekta yaliyoundwa na Simplicity kwa jina lake, kisha mwaka 1965 ikainunua Simplicity yenyewe. Case ilichukua njia ya pekee: trekta lake liliendeshwa kwa pampu ya haidroliki iliyosukuma mota ya haidroliki kwenye ekseli. Ushindani huo ulikuwa wa watu waliozoea kuwauzia wakulima, na mkulima hanunui mashine asiyoweza kuifungua. Desturi ya trekta la shamba ikahamia kwenye trekta la bustani: bolti za saizi za kawaida, vifuniko vya kufikika kwa spana, na kitabu cha matengenezo kinachoeleza hadi beringi ya mwisho.

Chapa zilikuwa nyingi, injini zilikuwa chache. Briggs & Stratton ya Milwaukee, Tecumseh na Onan zote zilitumika, lakini iliyotawala ni Kohler ya mfululizo wa K. Kampuni ya Kohler, katika kijiji cha Wisconsin chenye jina hilohilo, ilijulikana kwanza kwa masinki na mabafu ya chuma cha kusubu. Kiwanda cha kusubu ilikuwa nacho, na bloku za injini zake zikawa za chuma hichohicho. Modeli ya K181 ilitoa nguvu farasi 8, K241 ilitoa 10, K301 ilitoa 12, K321 ilitoa 14 na K341 ilitoa 16. Zote zina silinda moja. Fundi aliyeijua injini ya Cub Cadet hakushindwa na ya Wheel Horse au ya John Deere 110, na duka moja la spea liliweza kuhudumia chapa zote hizo.

Bloku ya chuma cha kusubu ndiyo iliyozipa injini hizi maisha zaidi ya moja. Silinda imechongwa ndani ya bloku yenyewe, na ukuta wake ni mnene. Ikilika, injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kula oili, bloku hupelekwa kuchongwa upya na kufungwa pistoni ya ovasaizi. Kiwanda kilitoa pistoni na ringi za inchi 0.010, 0.020 na 0.030 kuzidi kipenyo cha awali, hivyo bloku moja ingeweza kuchongwa mara tatu kabla ya kufika mwisho. Upande wa krenki mambo ni hayohayo kinyume chake: shingo ya krenki ikikwaruzika husagwa kupunguzwa inchi 0.010, na konrodi mpya ya kipimo hicho hununuliwa.

Konrodi ndiyo sehemu dhaifu. Imetengenezwa kwa aluminiamu na inazunguka moja kwa moja kwenye shingo ya krenki bila beringi ya katikati. Injini haina pampu ya oili; chini ya konrodi kuna ulimi mdogo unaochota oili kila mzunguko na kuirusha juu. Oili ikipungua, ulimi hauchoti kitu, aluminiamu inashika chuma, konrodi inakatika, na kipande chake mara nyingi hutoboa bloku. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kutunza injini hizi haijabadilika: pima oili kila mara kabla ya kuwasha. Mafundi waliongeza ya pili. Baadhi ya injini za K241 na kubwa zaidi zilifungwa gia za kupunguza mtikisiko. Pini za gia hizo zikilika, gia hupasuka na kuharibu kila kilicho karibu. Wanaofanya oveholi wengi huzitoa kabisa, wakiona heri injini itikisike kidogo kuliko bloku ivunjike.

Mfumo wa kuwasha ulikuwa rahisi kuutengeneza nyumbani. Kontakti hazikufichwa chini ya flaiwili kama kwenye injini nyingi ndogo za wakati huo. Zilikaa nje, ubavuni mwa bloku, chini ya kifuniko chembamba, zikisukumwa na kijiti kifupi kutoka kwenye kamshafti. Fundi alifungua skrubu, akazungusha injini mpaka mwanya ufike upana wake wa mwisho, akapima inchi 0.020, yaani nusu milimita, akakaza. Aliyetaka usahihi alitumia alama ya herufi S kwenye flaiwili, inayoonyesha mahali ambapo cheche inapaswa kutoka. Plagi, kondensa na koili zilikuwa za bei nafuu na zilibadilishwa kwa dakika chache. Matrekta ya mwanzo yalikuwa na kifaa kimoja cha Delco-Remy kilichounganishwa na injini kwa mkanda: kilikuwa mota wakati wa kuwasha na jenereta baada ya injini kushika. Mkanda ukilegea kiliteleza. Brashi zikiisha kiliacha kuchaji. Zote mbili ni kazi za benchi la nyumbani.

Mafuta yalileta matatizo yake. Kabureta za zamani zina skrubu mbili za kurekebisha, moja ya mwendo wa kawaida na moja ya sailensa, kwa hiyo fundi angeweza kusikiliza injini na kuipa kiasi inachotaka. Adui mkuu ni petroli iliyolala. Trekta likiachwa msimu mzima na tangi nusu, petroli huacha gundi inayoziba njia nyembamba za kabureta, na unyevu hutia kutu tangini. Tatizo liliongezeka petroli iliyochanganywa na ethanoli ilipoenea Marekani baada ya mwaka 2000. Ethanoli huvuta maji, na mipira ya zamani hulainika au kupasuka. Siku hizi matengenezo ya trekta lolote la zamani huanza na kubadilisha bomba la petroli, filta na gasketi za kabureta kwa aina zinazovumilia ethanoli.

Gia boksi ilikuwa na shida chache. Kwenye Cub Cadet, shafti ilipeleka nguvu moja kwa moja nyuma; John Deere 110 na matrekta mengi ya Wheel Horse yalitumia mkanda. Sili za ekseli zikizeeka, maji huingia, na oili hugeuka rangi ya maziwa. Ikimwagwa mapema na sili zikabadilishwa, gia hubaki salama. Ikiachwa, beringi zinaota kutu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ilikuja gia boksi ya haidrostatiki, isiyohitaji kukanyaga klachi ili kubadilisha mwendo. International Harvester iliitumia kwenye modeli 123 na John Deere kwenye modeli 140. Hii iliwafurahisha waendeshaji, ila ilidai usafi zaidi. Chembe ya uchafu isiyoidhuru gia ya kawaida hukwaruza pistoni za pampu, na pampu iliyokwaruzika haisukumi trekta mlimani oili ikishapata moto.

Kwa miaka ishirini ya kwanza, kazi hizi ziligawanywa. Wakala aliyeuza trekta alikuwa na karakana yake na alifanya oveholi, kuchonga na kurekebisha haidroliki. Mwenye trekta alibadilisha oili, plagi, kontakti na mikanda. Kila injini ilikuwa na kibao chenye namba ya modeli, ya toleo na ya injini yenyewe, na aliyekuwa na namba hizo aliletewa spea sahihi. Kibao hicho kikipotea, kazi ya kutafuta spea huwa ngumu hadi leo.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970 na 1980. Maduka makubwa yalianza kuuza mashine nyepesi za kukata majani za kuketi, zenye fremu ya bati lililokunjwa na gia boksi isiyofunguliwa, kwa bei ambayo trekta la chuma halikuiweza. Wengi wa wanunuzi hawakuwa wakilima tena. Wheel Horse iliuzwa kwa American Motors mwaka 1974 na kwa Toro mwaka 1986. International Harvester, ikiwa taabani kifedha, iliiuza Cub Cadet kwa kampuni ya MTD mwaka 1981. Kohler nayo iliuacha mfululizo wa K ukapisha injini mpya.

Kufungwa kwa viwanda kulizaa aina ya pili ya mafundi. Hawa si mawakala, ni wapenzi wa matrekta haya. Wengine hununua matrekta mabovu na kuyachinja, wakiuza ekseli, boneti na flaiwili moja moja. Wengine walianzisha karakana za kutengeneza upya kile ambacho kiwanda hakikitoi tena: vifuniko, vibandiko vya majina, viti, konrodi na sili. Zipo pia klabu na maonyesho, na yapo mashindano ya kuvuta uzito ambamo injini ya K iliyoundwa kukata majani huongezewa nguvu mara kadhaa. Wakusanyaji hutafuta modeli adimu, kama matrekta ya John Deere yaliyotolewa kuanzia mwaka 1969 yakiwa na boneti na viti vya rangi ya njano, nyekundu, machungwa au buluu badala ya kijani cha kampuni. Wateja hawakuyapenda, na baadhi ya wauzaji waliyarudishia kijani ili yauzike. Ndiyo maana yaliyobaki na rangi za awali yana bei kubwa.

Kipimo cha kuamua kama trekta la namna hii linafaa kutengenezwa kimebaki kilekile. Bloku ikiwa haijatoboka, gia boksi haina kutu ndani na kibao cha namba kipo, trekta linatengenezeka, hata kama limekaa miaka nje bila kuwashwa. Bloku ikitoboka na spea zake zikawa adimu, thamani yake iko katika kuchinjwa ili mengine yaendelee. Rangi, kiti na boneti ni mambo ya mwisho kuangaliwa.