Nyanya Anayesahau na Mishipa ya Damu

Leo tunamzungumzia nyanya anayesahau. Sisemi kusahau alikoweka miwani. Nasema yule anayeuliza kama amekula na sahani bado iko mbele yake, au anayepotea njia ya kisimani aliyoipita tangu aolewe. Utasikia watu wakisema ni chira, wengine amerogwa, wengine ni uzee tu. Hebu turudi nyuma tuone madaktari walijifunza nini.

Mwaka 1906, huko Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 55, baada ya kupoteza kumbukumbu. Aliona uchafu ulioganda katikati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizojisokota ndani ya chembe hizo. Ugonjwa ukapewa jina lake. Lakini aliandika jambo lingine ambalo halitajwi sana: mishipa mikubwa ya damu ya ubongo huo ilikuwa imekakamaa.

Sasa njoo hapa kwetu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, wilaya ya zamani iliyochukua Kisii, Migori na Homa Bay za leo, alichapisha habari za presha ya watu wa huku. Alipima kama watu 1,000. Presha haikupanda kwa umri. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka! Basi mtu asikwambie kwamba kila mzee lazima awe na presha.

Mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti juu ya Waluo waliotoka kando ya ziwa kwenda kuishi Nairobi. Presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Uzito ulikuwa zaidi, na mkojo ulionyesha wanakula chumvi zaidi. Watu ni wale wale, kilichobadilika ni maisha. Siku hizi, mama, huhitaji hata kupanda basi la Nairobi, maana chumvi na mafuta mengi vimetufuata hadi jikoni.

Presha na kusahau vinahusianaje? Hapo ndipo MRI ilipotusaidia. Picha ya kwanza ya namna hiyo ilichapishwa na Paul Lauterbur huko Marekani mwaka 1973. Mashine yake hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayoleta kipindi hiki, wala haina miale ya eksirei. Alzheimer alilazimika kungoja mgonjwa afe. MRI huuonyesha ubongo wa mtu aliye hai. Katika picha za wazee wengi huonekana madoa meupe, na mara nyingi ni mahali ambapo vimishipa vidogo vimeharibika na damu haifiki vizuri. Aliyekaa na presha miaka mingi huwa nayo zaidi. Na wagonjwa wengi wa Alzheimer wana yote mawili, uchafu ule na mishipa mibovu.

Mwaka 2019 utafiti wa Marekani uitwao SPRINT MIND ulitoa matokeo. Wazee walioteremshiwa presha chini ya 120 walipata madoa mapya machache kuliko walioteremshiwa chini ya 140, na wachache zaidi walianza kupungukiwa na kumbukumbu. Haukuthibitisha kwamba dawa za presha huzuia ugonjwa wenyewe, tusidanganyane.

MRI ni ghali, na wengi wetu hatutaiona. Kupima presha ni dakika chache katika kituo cha afya. Mpeleke nyanya, na wewe mwenye miaka 40 upimwe siku hiyo hiyo, maana mishipa huanza kuharibika miaka mingi kabla ya kusahau. Akipewa dawa, asiziache kwa sababu anajisikia nafuu, wala usimwongezee mwenyewe. Mweleze daktari alianza kusahau lini, na dawa zote anazokunywa, hata zile za miti shamba.